Mpishi Asiyeonja Sombe Yake

Kwa muda wa karibu miaka miwili Pélagie alipika sombe ambayo yeye mwenyewe hakuijua ladha yake.

Kibanda chake kilikuwa ndani ya soko la Owino mjini Kampala, nyuma ya wauza mashuka ya mitumba, mahali ambapo Wakongo wanaokuja kununua mali ya kupeleka Butembo na Bunia hukaa kidogo kupumzisha miguu na kusikia lugha yao. Turubai juu, mabenchi pembeni, majiko ya makaa mbele. Asubuhi alitwanga majani ya muhogo, ndiyo sombe yenyewe, akayachemsha mpaka yakalainika, akaongeza mawese, vitunguu, pilipili na samaki wakavu waliotoka Ggaba. Kisha kilikuja kile kitu ambacho wateja wa zamani walipenda kukitazama. Pélagie alichota mboga kwa ncha ya mwiko, akaidondosha kwenye kiganja cha kushoto, akailamba, akafumba macho kama mtu aliye katikati ya sala. Akifumbua macho amekwisha kujua kilichopungua. Hapo ndipo watu walianza kuvuta mabenchi.

Basi ugonjwa ulikuja ukamnyang'anya hilo.

Tumbo lilimchoma chini ya kifua. Akila linamchoma, asipokula linamchoma zaidi. Tone moja la mawese yenye pilipili lilishuka kama kaa la moto, na siku iliyobaki aliimaliza amejikunja juu ya kigoda, kitenge kimefungwa tumboni kwa nguvu. Alipoona hivyo aliacha kuonja. Kazi ya kuonja akampa Victoire.

Yeye na Victoire walikuwa wametoka kijiji kimoja, upande wa Beni. Victoire alikuwa mdogo kwa Pélagie, akamwita Yaya, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa. Vita vilipoingia kijijini walikimbia pamoja, wakavuka mpaka pamoja, na Kampala wakapanga vyumba katika ua mmoja chini ya kilima cha Old Kampala. Walisali shirika moja, jumuiya ndogo ya Wakatoliki, walifua kwenye beseni moja. Kibandani Pélagie alipika, Victoire akatwanga na kuosha masahani. Mtu mwema, Victoire, mwenye machozi ya karibu. Lakini ulimi wake ulipenda chumvi kuliko ulimi wa mbuzi.

Wateja hawakuficha. Wa kwanza kusema alikuwa Barnabé, mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa tumbo kubwa na maneno mengi, ambaye kila alipokuja Kampala alikula kwa Pélagie kabla hata ya kutafuta pa kulala. Siku moja alimeza tonge la kwanza akaweka mkono juu ya meza.

"Mama Pélagie," alisema, "leo umemwaga Katwe nzima humu? Wale watu wanaochimba chumvi ziwani wamebaki na nini?"

Watu walicheka, na Pélagie akacheka nao, lakini kicheko hakikufika mbali. Wiki zilizofuata aliona mabenchi yakipungukiwa watu. Kulikuwa na mama mwingine, mstari wa pili, aliyepika makayabu, wale samaki wa chumvi, na watu walianza kupita kibanda cha Pélagie wakisalimu kwa heshima na kwenda kuketi kule. Salamu zile zilimuuma kuliko kama wangempita kimya. Kibanda ndicho kilichomfanya asiwe mkimbizi tu anayengoja kupewa. Kilisomesha watoto wake. Na sasa alikuwa akikiona kinakufa mbele yake kwa sababu hawezi kulamba mboga yake mwenyewe.

Si kwamba hakutafuta matibabu. Kliniki ya kwanza walimwambia ni minyoo. Ya pili wakasema taifodi, kama wanavyosema kwa kila mtu. Ya tatu walipima choo wakamwambia ana pailori, mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anayeishi kwenye ukuta wa tumbo katikati ya ile asidi ambayo wadudu wengine wakiingia wanakufa. Yeye amejenga humo humo. Anachimba, na anapochimba panakuwa kidonda. Walimpa dawa za aina tatu: moja ya kupoza asidi, mbili za kuua mdudu, na mojawapo ya hizo mbili ilikuwa Flagyl.

Pélagie alizimeza zote, asubuhi na jioni, mpaka karatasi zikabaki tupu. Alipata nafuu kidogo. Mwezi haujaisha, moto ukarudi palepale.

Alirudi, akapewa zilezile. Akaenda kliniki nyingine, wakampa zilezile zenye rangi nyingine. Na kila alikokwenda aliulizwa swali moja: ulimaliza dawa? Alijibu kwamba alimaliza. Hapo aliona uso wa yule anayeuliza ukibadilika kidogo, kama wa mwalimu anayemsikiliza mtoto asiyefanya kazi yake ya nyumbani. Mmoja alimwambia wazi kwamba nyinyi wakimbizi mna tabia ya kuacha dawa mkipona nusu, halafu mnakuja kusumbua watu. Pélagie alikuwa mtu wa kusali Rozari kila siku, asiyesema uongo hata kwa mwenye nyumba, na sasa katika umri ule alikuwa anaitwa mwongo na vijana wenye makoti meupe. Alitoka pale akajiambia harudi tena.

Jambo moja lazima lielezwe hapa, kwa maana ndilo lililozaa mengine yote. Kule njiani, walipokuwa wakikimbia, walikunywa maji ya mifereji na ya madimbwi, na karibu kila mtu aliharisha. Walipofika mpakani waliwakuta watu wa msaada, wakagawiwa Flagyl. Waliokunywa walipona. Tangu hapo, kwa watu wa ule ua wa Old Kampala, Flagyl haikuwa dawa ya ugonjwa fulani. Ilikuwa dawa ya tumbo, tumbo lolote, la mtoto na la mzee. Victoire alikuwa na kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda chake, na humo kila mama aliweka vidonge vilivyobaki baada ya mtu wake kupona. Anayeugua anatia mkono. Kukataa kuweka dawa yako koponi kulionekana kama kumnyima mtu maji ya kunywa. Pélagie mwenyewe, kwa miaka yote ile, alikuwa ametia mkono mara zisizo na hesabu: nusu leo, kimoja kesho, tumbo likitulia anaacha.

Ni mama mmoja wa shirika aliyemwambia habari za Dokta Ocira. Alikuwa katika hospitali moja kubwa ya mjini, akichunguza ni dawa gani zinazomuua pailori wa watu wa Kampala na zipi zimekwisha nguvu. Pélagie hakutaka kwenda, ila alikwenda, kwa sababu siku ile mabenchi yote yalikuwa matupu mpaka saa saba.

Ocira alikuwa Mwacholi, mtoto wa polisi, aliyekulia katika kambi ya polisi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi, kifupi, kisicho na mapambo. Alisikiliza habari zote tangu mwanzo bila kutazama saa. Kisha akasema neno ambalo Pélagie alikuwa akilingoja kwa muda mrefu.

"Mama, mimi naamini ulimaliza. Shida si wewe. Shida ni huyo mdudu. Ameshazoea dawa."

Pélagie alitoa leso akafuta macho, akamwomba radhi kwa kulia ofisini kwake.

Dokta alimweleza kazi itakavyokuwa. Watapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni mpaka tumboni, wabane vipande vidogo sana vya nyama. Vipande hivyo vitawekwa katika kisahani chenye chakula cha mdudu, ili azaliane. Halafu juu ya kisahani wataweka vikaratasi vidogo, kila kimoja na dawa yake, waone mdudu anaikimbia ipi na anaidharau ipi. "Hatutakisia tena," alisema. "Tutamuuliza mwenyewe."

Lakini kulikuwa na sharti. Mwezi mzima asiguse dawa yoyote ya kuua wadudu, na wiki mbili za mwisho aache hata ile ya kupoza asidi, kwa maana mdudu akipigwa kidogo tu anajificha, na kwenye kisahani hataota. Alirudia mara kadhaa kwamba hata nusu kidonge kitaharibu kazi.

Pélagie aliapa, na kiapo alikishika. Mwezi ule ulikuwa mrefu. Zile siku za mwisho, bila cha kupoza, alitembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano chini. Wanawake wa ua walimwambia anajitesa bure, kopo lipo, ameze kimoja tu, daktari atajuaje? Aliwajibu kwa upole kwamba Mungu atajua. Victoire alimtazama tu kwa yale macho yake yenye maji.

Ila kila asubuhi Victoire alimpikia uji wa mtama, akautia sukari nyingi na ndimu, akauleta kibandani katika kikombe cha bati chenye kifuniko. Uji ule ulikuwa mchungu. Haukuwa mchungu wa ndimu. Ulikuwa na kitu cha chuma ndani yake, kilichobaki ulimini mpaka mchana. Pélagie aliona ni ugonjwa, umeharibu mpaka mdomo wake, na mtu ambaye hata mboga yake haonji ataamini vipi ulimi wake? Aliunywa wote, akamshukuru Mungu kwa kumpa ndugu kama huyo. Hata moto tumboni ulipungua kidogo, akasema ni sala za shirika.

Siku ya kamera alifika na njaa, akanyunyiziwa dawa ya ganzi kooni, akalala ubavu. Mpira ulipopita alitapika mate na machozi pamoja, muuguzi akimshika bega na kumwambia mama vumilia, tumefika. Alivumilia. Akaenda nyumbani akangoja.

Aliitwa baada ya wiki mbili hivi. Ocira hakuwa na ule uso wa kwanza.

"Hakuota," alisema. "Kisahani kiko kitupu. Lakini kidonda nilikiona kwa kamera, na kwenye darubini tuliwaona wadudu wachache. Wapo, ila kuna kitu kimewapiga. Mama, ulikunywa dawa."

"Sikunywa, dokta."

"Hata kidogo?"

"Sikunywa."

"Mama," alisema Ocira, pole pole.

Hilo "mama" Pélagie alilijua. Alikuwa amelisikia katika kliniki zote. Lilikuwa na huruma ndani yake, na huruma ile ndiyo iliyokuwa mbaya, kwa kuwa mtu akikukaripia unaweza kumkaripia, lakini anayekuhurumia kwa uongo ambao hukuusema utamfanyaje? Alisimama, akachukua mfuko wake, akatoka bila kuaga.

Alirudi kwa miguu, akipanda Old Kampala katikati ya maduka ya zamani ya Wahindi, na njia nzima alizungumza na Mungu, si kwa sala aliyofundishwa. Alimwambia kwamba amechoka. Alimwambia kwamba amefanya kila alichoambiwa, ameshika kiapo, ameumia mwezi mzima kwa hiari yake, na malipo yake ni kuitwa mwongo na yule mtu mmoja aliyemwamini. Kama Mungu alitaka aache kupika, angemwambia mapema, asingemchosha hivi. Alipofika mlangoni aliona haya kwa maneno hayo, lakini hakuyarudisha.

Siku chache baadaye Barnabé alitokea kibandani, ametoka safari, koo limekauka, anapiga kelele kabla ya kufika. Alisema amewasamehe chumvi yao kwa sababu ya kuwakumbuka. Maji ya kunywa yalikuwa bado hayajaletwa. Akaona mezani kikombe cha bati cha uji, ambao Victoire hakuwa ameacha kuuleta, akafunua, akakinyanyua kabla mtu hajamzuia, akapiga funda kubwa.

Aliutema wote chini.

"Nyinyi watu," alisema akifuta ndevu, "uji huu mmeuchemsha na misumari?"

Pélagie alibaki ameshika mwiko. Kwa hiyo uchungu haukuwa mdomoni mwake. Ulikuwa kikombeni. Alichukua kikombe, akaweka tone kwenye kiganja cha kushoto, akalamba, akafumba macho kama zamani. Chuma. Chuma kilekile cha barabarani, cha vidonge vya kule mpakani, ambacho mtu akikilamba mara moja hakisahau. Alipofumbua macho alimtazama Victoire, na Victoire alikuwa ameinama juu ya kinu, anatwanga majani ambayo yalikuwa yamekwisha kuwa unga.

"Victoire. Umeweka nini humu?"

"Uliumia, Yaya. Ningekaaje nikutazame?"

"Nimekuuliza umeweka nini."

"Ya koponi," alisema Victoire, na mchi ukasimama. "Flagyl, nusu. Na unga wa vile vidonge vya rangi mbili, nafungua natia. Kidogo tu. Kidogo kama chumvi."

Barnabé aliacha mzaha. Aliweka shuka lake begani akaenda zake.

Pélagie aliketi kwenye kigoda. Hasira ilikuwa imemjaa, na haikuwa na pa kwenda. Mtu akikuibia unajua la kumwambia. Akikupenda mpaka akakuharibia, unaanzia wapi? Victoire alikuwa amekwisha kuanza kulia, na ikambidi Pélagie, mwenye tumbo linalowaka na jina lililochafuka, ndiye ainuke amwambie nyamaza, watu wanatutazama.

Kesho yake walikwenda wote wawili kwa Ocira, Victoire amebeba kopo kifuani kama mtoto. Dokta alilimwaga juu ya meza. Vikatoka vidonge vyeupe, vya njano, vilivyovunjika, vya rangi mbili, vingine vimeota unga, hakuna chenye jina. Alivichambua kwa kalamu. Kisha akamgeukia Pélagie.

"Nilikuita mwongo."

"Hukuniita, dokta."

"Kwa moyo, nilikuita. Nisamehe."

Pélagie alisema amesamehe, na ilimchukua muda kidogo kulisema.

Ocira aliwaeleza bila kukaripia. Flagyl ndiyo iliyotia ladha ya chuma, lakini yeye anadhani si hiyo iliyompiga mdudu, kwani huyo inaonekana ameishi na Flagyl miaka mingi, nusu nusu, akaizoea kama mtu anavyozoea kelele za barabarani. Kilichompiga ni zile za rangi mbili, amoksilini. Na hapo ndipo penye hofu. Amoksilini ni mojawapo ya dawa chache walizotegemea zitakuwa bado na nguvu. Dawa kidogo kidogo haimuui mdudu. Inamfunza. Kama katika ule mwezi wa uji amefunzwa na hii pia, hajui watabaki na nini.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Pélagie.

"Tunaanza upya. Mwezi."

Pélagie alicheka, kicheko kikavu. Aliwaambia basi, wamwache na mdudu wake, wamekwisha kuzoeana. Alitoka nje akaketi kwenye ngazi za hospitali, akatazama watu wakipanda na kushuka. Alifikiria sufuria. Alifikiria ule mstari wa pili wa soko, mama wa makayabu akichota na kuonja mbele ya watu, na Barnabé akivuta benchi kule. Akarudi ndani akasema sawa.

Mwezi wa pili uliangukia Kwaresima. Pélagie alikuwa amefunga Kwaresima nyingi, lakini hajawahi kufunga kitu kigumu kama kile. Uji alijipikia mwenyewe. Kikombe alikiosha mwenyewe, akatembea nacho mfukoni. Alimwomba Victoire asimletee hata maji, na Victoire aliona amefukuzwa, akawa anatwanga kwa upande wake akiwa amempa mgongo, wanaongea habari za makaa na vitunguu tu. Jambo hilo lilimuuma Pélagie karibu sawa na tumbo. Hakuna aliyekuwa na kosa la kupewa kitubio na padri, na bado walikuwa wawili wasiotazamana. Nyumbani wanawake walinong'ona kwamba Pélagie amekuwa Mzungu, anakunywa peke yake.

Mpira ulipita tena. Mate na machozi tena. Kungoja tena.

Safari hii Ocira alimwita mpaka maabara, akamwonyesha kisahani chini ya kifuniko cha kioo. Chakula kilikuwa chekundu, rangi ya damu, na juu yake kumetanda kitu kama umande, vitone vidogo mno. Pélagie aliinama akatazama kwa muda mrefu. Aliuliza kama ndiye huyu. Akaambiwa ndiye. Miaka miwili, kliniki zote zile, dharau zote zile, kibanda kinachokufa, na mwenye kufanya hayo ni umande ambao mtu angeufuta kwa kidole. Alihisi hasira mpya, akatamani amwone mkubwa zaidi, walau wa kulingana na mateso yake.

"Tazama karatasi hii," alisema Ocira. "Hii ni Flagyl."

Umande ulikuwa umefika mpaka kwenye ukingo wa karatasi, umeiegemea, kama wapangaji waliokaa barazani pa mwenye nyumba. Dokta alimwonyesha karatasi nyingine, ya moja ya zile dawa alizopewa kliniki, na pale napo palikuwa na nafasi ndogo tu, isiyotosha. Pélagie alielewa bila kuambiwa. Dawa zote alizokunywa kwa uaminifu, asubuhi na jioni, zilikuwa zimepita juu ya mdudu huyu kama mvua juu ya bati.

"Na ile ya rangi mbili?" aliuliza Pélagie.

Ocira aligeuza kisahani. Karatasi ile ilikaa katikati ya duara safi, pana, jekundu tupu. Hakuna umande. Hakuna hata kitone.

"Bado inamuua," alisema. "Una bahati, Mama. Uji haukumfunza."

Pélagie alipiga ishara ya msalaba pale pale mbele ya vyombo vya watu.

Alipewa dawa mpya, zilizochaguliwa kwa kisahani chake, amoksilini kwa kipimo kikubwa pamoja na nyingine mbili, wiki mbili. Aliziweka katika mfuko wa kitambaa aliouvaa ndani ya blauzi. Na siku ya nne au ya tano, jambo alilokuwa akiliogopa likatokea. Victoire alimjia uani, ameshika chini ya kifua. Alisema hata yeye inamchoma, imemchoma tangu zamani, alikuwa hasemi kwa sababu ya ugonjwa wa Yaya. Akanyoosha mkono.

"Nipe kimoja tu. Tangu lini tumekula peke yetu?"

Wanawake kwenye mabeseni waliacha kufua. Katika ua ule hakuna mtu aliyewahi kunyima. Pélagie aliuona ule mkono, ngozi iliyokwaruzwa na mchi, mkono wa aliyembeba mtoto wa mwisho wa Pélagie mgongoni siku mbili za porini. Afadhali angetoa figo kuliko kusema alichosema.

"Hapana, Victoire. Hizi sikupi."

Victoire aliurudisha mkono, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Siku zilizobaki alikuja kazini, akafanya kazi, hakumwita Yaya.

Pélagie alimaliza dawa. Alimaliza kwa hasira, kidonge kwa kidonge. Mwezi mmoja baadaye alipeleka choo hospitali, kikapimwa, na Ocira mwenyewe akampigia simu kumwambia hakuna kitu, kumesafishika. Hakupiga vigelegele. Alifunga kitenge vizuri, akaenda sokoni.

Sombe ilikuwa jikoni, inachemka, Victoire amekwisha kuitia chumvi. Pélagie alichukua mwiko, akachota kwa ncha, akadondosha kiganjani, akalamba, akafumba macho. Akangoja moto ushuke tumboni. Haukushuka. Kilichokuja ni chumvi. Chumvi iliyokaza ulimi, ikafuta samaki, ikafuta mawese, ikafuta kila kitu. Alisimama pale amefumba macho kwa muda, akiwakumbuka watu wote waliomeza kitu hiki karibu miaka miwili, wakalipa, wakasema asante mama, wakaondoka kwa heshima. Barnabé alikuwa ametumia lugha ya upole.

Alimwaga nusu ya mchuzi, akaongeza majani na maji, akaanza kuitengeneza. Victoire alimtazama kwa pembeni, mkono mmoja chini ya kifua.

"Kesho usile kitu asubuhi," Pélagie alimwambia bila kugeuka. "Tunakwenda kwa Ocira akakuandikishe. Mwezi huu hakuna kopo. Mimi mwenyewe nitakuchunga, na uji nitakupikia mimi."

Victoire alisaga kitunguu kimoja mpaka kikaisha.

"Na tukienda wote," alisema mwishowe, "chumvi nani ataonja, Yaya?"

"Mimi," alisema Pélagie. "Tukirudi, nitaonja mimi."